Mlevi Asiyeonja Pombe

Mume wangu hanywi pombe. Naanza na hilo kwa sababu mtaa mzima unadai unajua zaidi yangu. Baba yake alifia mtaroni kwa ulevi, na tangu siku ile yeye hata dawa ya kikohozi huinusa kwanza kabla ya kumeza.

Lakini kazi yake ni kupakia ethanoli. Kiwanda chao kinakamua miwa, kinaichachusha, kinatoa spiriti kali ya kuchanganywa na petroli, ili magari yetu yaache kulilia mafuta ya mbali. Ndivyo bango la getini linavyojisifu. Sina ugomvi na hilo, magari na yanywe yashibe. Ninachokasirikia ni kwamba mtu anayeyanywesha anarudi nyumbani ananuka kama kilabu, na watu wamepewa pua wakanyimwa akili. Ovaroli zake nazifua mimi, najua zinanuka nini na kwa nini. Aliyenichoma zaidi ni mama mkwe. "Lisemwalo lipo," alikuwa akiniambia, na anayesemwa ni mwanawe wa kumzaa!

Asubuhi ya ajali mume wangu alikuwa juu ya lori la tangi, ameshika mpira wa kupakilia. Ulikuwa mpira wa zamani uliotengenezwa kwa ajili ya dizeli, na spiriti huula mpira wa namna hiyo polepole mpaka ulegee. Alishamwambia msimamizi, akajibiwa apunguze mdomo. Basi ukapasuka. Spiriti ikamwogesha uso na kifua, akateleza, akaanguka kwenye saruji na goti likavunjika.

Sasa sikia ujinga. Machela haijafika, mlinzi akamjia na kile kifaa cha kupimia walevi, akamsukumia mdomoni, na masharubu bado yanadondosha spiriti. Kifaa kikalia. Kingeachaje kulia? Ungekiweka kwenye mdomo wa lile tangi, kingesema tangi nalo limelewa!

Wakaguzi wa serikali walikuwa njiani kuja kuuliza habari za ule mpira. Kifaa peke yake kisingewatosha, kwa hiyo afisa wa wafanyakazi akatuita ofisini. Mume wangu alikwenda kwa magongo, jasho linamtiririka. Daktari alikuwa ameshatuambia wazi kwamba goti lisipopasuliwa wiki hiyo, litaganda vilevile lilivyopinda, na mtu wa kupanda malori atabaki wa kukaa kibarazani.

"Kaka, kiri tu," afisa alisema, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto ale. "Mbele ya wakaguzi sema ulikunywa. Sisi tutayamaliza kindugu, upasuaji ni juu yetu. Ukikataa, kazi huna na goti ni lako."

"Sikunywa."

"Hata kidogo? Binadamu sote tuna mapungufu."

"Mpira ulipasuka. Mimi sikunywa."

Nilitamani kumpindulia yule bwana meza yake na kikombe chake cha chai. Matusi nilikuwa nimeyapanga tangu alfajiri, moja baada ya jingine, mengine ya ukoo wake mzima. Ndipo akanigeukia mimi.

"Shemeji, wewe ndiye unayelala naye nyumba moja. Neno lako wakaguzi watalichukua, hata yeye akikaa kimya. Tusaidie. Huwa anakunywa?"

Nilitazama mguu wa mume wangu. Ulikuwa umenyooshwa chini ya meza, umevimba, suruali imechanwa mpaka pajani ili upate kupita. Yeye alikuwa akinitazama mimi, ametulia kabisa. Katika ofisi ile, katika mtaa wetu, na kwa mama yake mzazi, aliyebaki wa kumwamini nilikuwa mimi tu.

Mwenye nguvu mpishe, wanasema. Nawachukia waliosema.

"Anakunywa," nikasema. "Kila siku."

"Asante kwa ukweli wako, shemeji." Akasimama, akanipa mkono, na mimi mpumbavu nikaupokea. Akapiga simu hospitali papo hapo, upasuaji ukapangwa kesho yake.

Mume wangu akachukua magongo yake, akatoka. Tulipofika kwenye ngazi nikajisogeza nimpe bega. Akalikwepa, akashika ukuta, akaanza kushuka peke yake kwa mguu mmoja.