Halwa ya Posa

...na halwa hii imeganda kwenye kaakaa, haipandi haishuki, na Ami Abdulghafur angoja jibu, kikombe cha kahawa mkononi, amenisogelea hapa barazani kwake, "Nambia, mwanangu Taib, huyu Yeslam wewe wamuonaje? Nasikia huja kwako," na mimi nimetia tonge zima mdomoni kabla hajanambia kuwa hii ndiyo halwa iliyoletwa na posa, ningejua nisingeigusa, hata kwa samli yake na iliki yake, kwa sababu mikono iliyoileta naijua, nimeitazama kila Alhamisi chumbani kwangu Ndia Kuu ikifinyafinya kofia, huku mwenyewe akisimulia, kwa sauti ya mtu anayekuelekeza njia ya Liwatoni, jinsi alivyomkaba mkewe wa kwanza, Mona, mpaka akalegea, akamwachia, akampepea, akamkaba tena, "na la ajabu, daktari, niliona raha," raha! ndivyo alivyosema, "na nikioa nitarudia, najijua," nami nikaitikia kwa kichwa kama nilivyofundishwa Uingereza, usishtuke, usihukumu, la mgonjwa ufe nalo, nikaapa, na watu waliokuwa wakinicheka, daktari gani huyu, hana sindano wala kombe la dua, kazi yake kusikiza tu, wakaanza kuja kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa niliwaahidi kuwa halitoki, na nikilitoa hili leo, kabla ya Ijumaa mji wote utakuwa nalo, na yule mjane asiyelala hatakuja tena, na nani atamsikiza... basi nyamaza, Taib, meza, sema neno jema uende zako... "Tumeulizia nyumba zote," asema Ami, "na wote wasema hatumjui ila kwa kheri," eti hatumjui ila kwa kheri, ndilo jibu la mji huu, mtu akiulizwa habari za mchumba hulitoa kama anayeitikia salamu, hakuna anayetaka kuvunja posa ya mtu, na Mona aliporudi kwao Lamu hawezi kumeza ila uji, hao hao wa kheri ndio waliokuwa wa kwanza kusema hakujua kuweka nyumba, uchafu, uchafu mtupu, wanukia udi na ndani wameoza, na mimi je, mimi ni bora kwa lipi, jibu lile lile liko ulimini mwangu, lateleza kuliko hii halwa... na ndani Nabiha, bintiye huyo anayeposwa, amsomea bibi yake gazeti, namsikia nyuma ya pazia, asoma habari za bandarini, afika neno gumu, akwama, acheka, bibi naye acheka, sauti nzuri, yatoka kooni pale pale ambapo... la, sitaki kulifikiria, nimelifikiria... na nilimwambia Yeslam, wallahi nilimwambia, usioe bado, tulitibu hili kwanza, au nenda mwenyewe kawaambie wakwe, akacheka, "Wewe umeapa, daktari," akavaa kofia yake akatoka, na ndipo nikajua, hakuja kutibiwa huyu, alikuja kuweka najisi yake mahali penye kufuli, na kufuli ni mimi, mimi na kiapo changu nilichokitundika ukutani wageni wakione, siri ya mgonjwa, naam, naitunza, ningeitunza mpaka kaburini laiti ingekuwa ni yake peke yake, lakini hii shingo ni ya Nabiha, yeye hakuapishwa, hakuulizwa... "Basi wasemaje, mwanangu?" asema Ami, macho yake mekundu, hata yeye hakulala, "Mwenye kutakwa shauri ameaminiwa, nami nimekuamini wewe," ameniamini, na Yeslam aliniamini, amana mbili mdomo mmoja, na mdomo umejaa sukari ya muuaji... hapana, bado hajaua, bado, na hilo bado ndilo lililobaki mkononi mwangu, basi natoa kitambaa mfukoni, naitema, mbele yake, barazani kwake, jambo ambalo hata mtoto angechapwa kwalo, na kikombe chake kiko pale pale hakijafika mdomoni, na Nabiha bado asoma, na mdomo wangu sasa ni mtupu, hauna kisingizio, "Ami Abdulghafur," nasema, "mimi namjua."