Mtaro Ulioishia kwa Mmanga

Mtaa wa Bondeni, pale Madungu, ukishasema "Bi Mwatima kasema", maneno yamekwisha. Mwanamke aliyewaosha mama zao na bibi zao walipofariki, nani ambishie? Ndiyo maana Mmanga alipoona watu wamegoma kulipa ada ya mtaro hakwenda kwa sheha. Alikwenda kwa Bi Mwatima.

Mmanga alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mtaro. Alikuwa pia ndugu yake wa ziwa. Mama aliyemzaa alifia uzazini, na Bi Safaa, mama yake Mwatima, akamchukua, akawa anampa yeye ziwa moja na Mwatima jingine. Walikua kwenye mkeka mmoja.

"Ada yenyewe haina dhuluma, dada," alimwambia. "Kila nyumba itatoa kwa ukubwa wa paa lake na ua wake wa saruji. Maji yashukayo kwako ndiyo uyalipiayo. Mtaro utakata kiwanjani kwangu, upite ubavuni mwa nyumba hino, uende mpaka mtoni. Mama hatalala tena na maji chini ya kitanda."

Hilo la mama ndilo lililomshika. Bi Safaa alikuwa hainuki tena, na kila masika maji yaliingia chumbani kwake. Ukuta wa udongo wa upande wa kichwani ulikuwa umeshaliwa nusu, na Mwatima alijua kwamba mvua moja kubwa ingemwangushia.

Basi akavaa buibui lake akaingia nyumba kwa nyumba. Kulikuwa na waliomfukuza kwa adabu mara ya kwanza, akarudi. Bi Farheen wa duka la vitambaa, mwenye bati refu kuliko la msikiti, alimwambia waziwazi, "Natoa kwa ajili yako, Bi Mwatima. Kamati siijui." Watu wakatoa. Siku ya kuanza kuchimba ikasomwa Fatiha, na Mmanga akaitikia amini kwa sauti kumshinda imamu.

Masika yakaja, maji yakaingia kuliko miaka yote. Mwatima akajifunga kanga, akaupanda mlima akiufuata mtaro kuanzia juu. Ulishuka vizuri, umepigwa saruji, mpaka kiwanjani kwa Mmanga. Pale ulipotakiwa kukata palikuwa na nyumba tatu mpya za kupangisha. Mtaro ukazizunguka kwa adabu zote, kisha ukaishia hapo, mdomo wazi umeelekea Bondeni. Zamani maji yalitawanyika mlima mzima. Sasa yalikuwa yamekusanywa yakamwagwa mahali pamoja, kwao.

Mmanga alikuwa barazani kwake, mkavu.

"Mtaro ulikuwa ukate hapa," Mwatima alimwambia.

"Ungekata, ningebomoa nyumba mbili, dada. Tukauzungusha, fedha ikatuishia konani."

"Mliuzungusha nani na nani?"

Akatazama miguu yake. "Mwakani tutachangisha tena. Ukisema weye, watatoa."

Hapo ndipo Mwatima alipoumia hasa. Nyumba za kodi angeweza kuzimeza, tamaa ni ya binadamu. Lakini kumbe ulimi wake ndio uliokuwa jembe la huyu mtu, na bado alitaka kulimia. Asante ya punda ni mateke, lakini punda hakunyonya kwa mama yako.

Aliteremka, akaita majirani wanne, wakakibeba kitanda cha Bi Safaa pamoja na Bi Safaa mwenyewe, wamemfunika nailoni, wakapanda naye. Waliotoa ada wakatoka milangoni, wakafuata nyuma ndani ya mvua. Kitanda kikatuliwa ndani ya nyumba mpya ya mbele, kwenye sakafu inayong'aa.

Bi Safaa alipapasa ukuta. Macho yake hayakuwa yakiona tena.

"Pakavu," alisema. "Nyumba ya nani hino?"

"Ya mwanao Mmanga, mama," Mwatima alijibu.

"N'lijua miye! Ziwa halipotei. Waona, Mwatima? Mwenzio kanijengea, na weye miaka yote wanilaza majini." Akanyoosha mkono hewani mpaka Mmanga akalazimika kuushika. "Mungu akulipe kwa ulilotutendea, mwanangu. Akulipe vile vile ulivyotutenda."

Mtaa mzima ulikuwa mlangoni, unachuruzika maji. Mmanga alimtazama Mwatima kama anayeomba aokolewe.

"Mama kakuombea dua," Mwatima alisema. "Itikia."

Midomo ilimcheza Mmanga, sauti isitoke. Mwatima akamfunika mama yake miguu, akateremka peke yake kwenda kuokoa vyombo.