Mtoto wa Nane

Chekechea ya Dervla ilikuwa na watoto saba, na saba maana yake ni kufunga. Serikali humlipia kila mtoto wa umri wa chekechea, awe shule ya umma, awe shule ya mfanyabiashara, awe kwenye chekechea ya kujitolea kama hii ya ukumbi wa parokia. Ila wakiwa chini ya wanane, hailipi hata peni. Shule ya umma ilishachukua wengi, ya mfanyabiashara kule mjini ikawazoa waliosalia, na Dervla akabaki na wale ambao wazazi wao hawana gari. Wakifungiwa, hawana pa kwenda.

Mkesha wa siku ya serikali kuja kuhesabu watoto uliangukia mkesha wa sikukuu ya Marehemu Wote. Kwao Fermanagh, jioni hiyo mlango hautiwi komeo, na kiti huachwa kwa waliotangulia. Mama yake, Rosaleen, aliyepaka mikate siagi na kuosha vikombe pale chekechea, hakukosa kufanya hivyo hata mwaka mmoja. Basi Dervla, kabla ya kutoka, akaongeza kiti kidogo cha nane mezani na kuuacha mlango bila komeo.

"Yeyote mwenye umri wa chekechea, karibu," alisema, akacheka peke yake.

Mzaha mwingine bora ufie mdomoni. Nyuma ya ukumbi kuna kiwanja kisicho na msalaba, walikozikwa zamani watoto waliokufa kabla ya ubatizo, kwa kuwa padri hakuwataka makaburini.

Asubuhi, kiti cha nane kilikuwa na mwenyewe. Mvulana, fulana ya sufu nyeupe, miguu mitupu, magoti yana udongo mbichi. Wenzake walimsogezea rangi kana kwamba wamemzoea. Dervla aliogopa, hasa alipoyaona masikio: yalichomoza kama ya marehemu baba yake.

Bi Purdy wa mamlaka ya elimu alifika, akahesabu kwa ncha ya kalamu.

"Wanane. Mbona nilisikia mmekwama kwenye saba?"

"Watu wana maneno."

"Na huyu, viatu viko wapi?"

"Anavivua. Ukimvisha cha kushoto, cha kulia kishatoka."

"Kama wangu. Haya, wote ni wa kwako?"

Dervla angeweza kusema hapana. Aliwatazama wale saba.

"Wote ni wangu."

Mvulana akainua uso na kutabasamu.

Pale chekechea, mtoto hatoki mpaka mtu wake aje. Mchana saba wakachukuliwa, yeye akabaki mlangoni. Rosaleen alitoka jikoni akijifuta mikono, akamwona, akasimama. Kabla ya Dervla alikuwa amezaa mtoto, naye akafa bila ubatizo. Mumewe alimbeba alfajiri katika boksi la viatu, na hakumwonyesha mkewe alikomlaza.

"Mama, usimkaribie."

"Ana baridi."

"Mama, huyo si mtu wa—"

"Najua ni nani, mwanangu. Miaka yote hii sikupewa hata mahali pa kulilia."

Akamfunika shali, akaondoka naye.

Tangu hapo alimleta asubuhi na kumrudisha nyumbani mchana. Fedha ziliingia, ukumbi ukapata joto, watoto wakanawiri. Aliyekonda ni Rosaleen. Mkono aliomshikia mtoto ulipoa, ukakataa kupata moto hata mbele ya jiko, na yeye mtoto akazidi kuwa na mashavu mekundu. Dervla alijua dawa yake ni neno moja tu kwa Bi Purdy: kwamba mtoto si wao, naye angerudi alikotoka.

Hesabu ya pili ilipofika, alimvuta mama yake jikoni.

"Leo nasema kweli. Nasema ni saba."

"Na hao saba utawapeleka wapi?"

"Sijui. Wewe unakwisha, Mama."

"Nakwisha kwa kulea. Nani amelea asikwishe?" Rosaleen aliegemea sinki. "Ulisema mbele ya watu kwamba ni wetu. Baba yako alishindwa kusema hivyo, padri alishindwa. Ukimkana leo, usiniite mama tena."

"Dervla!" Bi Purdy aliita kutoka ukumbini. "Nimepata wanane. Sawa?"

Dervla aliutazama ule mkono, kucha zimegeuka buluu. Alijichukia kabla hajafungua mdomo.

"Sawa," alijibu, na nyuma yake akamsikia mama yake akishusha pumzi kwa raha, kisha akikohoa.