Upande wa Mashariki wa Thornelow

Amos Thackray aliteremsha timazi mara ya nne, na uzi ukamwambia yale yale: ukuta umetoka nje shubiri nzima. Akaketi juu ya ndoo ya chokaa, magoti yakimuuma. Miaka thelathini na minane alikuwa mwashi wa nyumba ile ya Thornelow, akitia mawe viraka na kuziba nyufa, na upande wa mashariki haukuwahi kutulia.

Bi Lettice Fanshawe, mwenye nyumba, akaja na vikombe viwili vya chai, koti la marehemu kaka yake likimpwaya mabegani.

"Sema tu, Amos. Uso wako umeshasema."

"Hautengenezeki, Bi Lettice. Babu yako alipouongeza upande huu alitaka fahari, msingi akausahau. Nje mawe ya kuchonga, ndani kifusi kitupu. Na sasa unauvuta ukumbi wa zamani. Tukiuacha, vyote chini."

"Nimezaliwa chumba kile cha juu."

"Najua."

"Na mama akafia humo humo."

"Nalo najua. Si mimi niliyeshusha jeneza kwenye ile ngazi?"

"Ukaukwaruza ukuta."

"Ukuta ndio ulionikwaruza mimi, bibi."

Bi Lettice alicheka kidogo, kisha akainua macho kwenye madirisha ya juu. Chai ikapoa.

"Bomoa," akasema. "Nimechoka kutega ndoo kila mvua inaponyesha."

Amos na vibarua wawili walibomoa kuanzia paa kwenda chini, jiwe baada ya jiwe. Wiki ya tatu, plasta ilipobanduka kwenye ukuta wa ukumbi, likaonekana dirisha pana lenye nguzo nne za mawe, limezibwa kwa matofali. Babu alilifunika alipoongeza jengo lake. Hakuna aliyemwagiza, lakini Amos akayatoa matofali yote kwa mkono wake, kisha akamwita mwenye nyumba.

Jua la asubuhi lilikuwa limefika hadi mekoni, ng'ambo ya ukumbi.

"Miaka sabini na moja nakula humu kwa taa," Bi Lettice akasema polepole. Hakuonyesha furaha, alionekana kama mtu aliyecheleweshewa barua. "Baridi je?"

"Itaingia. Nitakutilia vioo, halafu basi. Mikono imegoma."

"Hata mimi sina nguvu ya kukuita tena. Kaa, kuna mkate na jibini."

Wakala katikati ya vumbi. Ufagio ulikuwa karibu, lakini hakuna aliyeunyanyua.