Krismasi Bila Paja la Nguruwe

Mimi nilisema mapema, tena mbele ya mashahidi: mwaka huu nyumba ya Marcano hainunui paja la nguruwe, hainunui ramu, haibadilishi mapazia. Nilisema tangu mwezi wa kumi, kwa sauti ambayo hata mbwa wa jirani alinyanyua masikio. Fitzroy, mume wangu, akacheka. Alidhani ni ukali wangu wa kila siku, utapoa nikishakunywa chai.

Mwaka ule bei ya mafuta ilianguka, na hapa Trinidad mafuta yakianguka, hata sisi wa milimani tunaoona visima vya mafuta kwenye kalenda tu tunaanguka nayo. Kampuni ya barabara ikawarudisha wanaume nyumbani, Fitzroy akiwemo. Tukabaki na kakao yetu kidogo na cherehani yangu. Pesa iliyokuwepo niliiweka kwenye kopo juu ya kabati, na ilikuwa na kazi moja: macho ya mama mkwe wangu, Mama Agustina. Daktari wa mjini alimwangalia akasema ni mtoto wa jicho, pande zote mbili. La kushoto limeshaziba, na la kulia tukilichelewesha linaweza kuharibika lisirudi tena. Hospitali ya serikali foleni yake haina mwisho. Daktari yule angempasua Januari, mradi alipwe yote kwa mkupuo. Pesa ya kwenye kopo ilitosha kwa hilo, na haikubaki hata ya kununulia pipi.

Shida ni kwamba mgonjwa mwenyewe hakutaka kuitwa mgonjwa.

"Macho yangu mazima," alikuwa akisema kila siku, amekaa barazani kwenye kiti chake cha kubembea. "Namwona kuku yule pale."

"Kuku gani, Mama?"

"Si yule."

Uwanja ulikuwa mtupu kabisa. Nilipomsimulia Fitzroy jioni, akanijibu, "Basi kuku aliondoka kabla hujageuka." Jamani! Mtu mzima ananijibu hivyo, tena bila kucheka. Nilimweleza kwamba mama yake humimina chai kwenye kisahani badala ya kikombe, kwamba anahesabu hatua kwa vidole vya miguu akienda chooni. Akasema ni uzee. Yeye akiingia, mama yake anamjua kwa mwendo wake na sauti yake, anamwambia, "Karibu mwanangu, shati limekupendeza." Kwa hiyo Fitzroy akaridhika. Mtu anayetaka kuridhika haombi ushahidi.

Na alitaka kuridhika kwa sababu ya parang, nyimbo zetu za Krismasi. Fitzroy anapiga kwatro, lile gitaa dogo la nyuzi nne, kwenye kundi la Hilario tangu hajaota ndevu. Mkesha wa Krismasi wanazunguka nyumba kwa nyumba, wote na kofia zao za majani na mashati meupe. Wanasimama nje ya mlango uliofungwa, wanaimba mpaka mwenye nyumba awafungulie. Ndani meza inawasubiri: pastela za mahindi zimefungwa majani ya mgomba, paja la nguruwe limepigwa karafuu, keki nyeusi, ramu, sharubati ya choya. Wakishiba wanaimba wimbo wa kuaga, wanahamia kwa mwingine. Sasa mpigaji anakula kila nyumba. Kwa hiyo ya kwake ikikaa kimya, anakuwa nani? Mla vya watu. Na mwenye nyumba anayewaacha watu wa parang nje, kwetu afadhali umtukane padri madhabahuni.

Hayo yote nayajua, nimezaliwa hapahapa. Baba yangu alikuwa mpiga kayamba. Lakini macho ni macho.

Asubuhi ya mkesha Fitzroy alishusha kopo kutoka kabatini bila hata kuninong'oneza.

"Weka," nikamwambia.

"Ermine, Achong ameniwekea paja moja. Gari linaleta mzigo alasiri, lazima nikalipe kabla hajafunga duka. Na chupa chache za ramu. Siyo zote hizi."

"Toa moja, na daktari hampasui. Weka kopo."

"Nitajazia. Januari kakao itauzwa."

"Kakao ipi? Ile iliyoliwa na panya au ile iliyooza na mvua?"

"Usinipandishie sauti ndani ya nyumba yangu."

"Nyumba yako ambayo nani anaisafisha? Fitzroy, mama yako haoni!"

"Naona!" Mama Agustina akadakia kutoka barazani. Masikio yake, Mungu ashukuriwe, hayana kasoro. "Naona mnavyogombana kama paka. Ermine, mpe mwanangu pesa. Krismasi haivukwi mikono mitupu nyumba hii. Baba yake Fitzroy, mwaka ule kimbunga kilipokula paa, bado alichinja."

"Mama, hizi ni za macho yako."

"Nani kasema nayahitaji? Macho ya kuangalia meza tupu ya nini?"

Nilishika kopo upande huu, Fitzroy kashika upande ule. Nilikuwa na nguvu ya kumshinda, msidhani. Lakini mwenye macho ndiye kasema mpe, na mwenye mama ndiye anavuta, na mimi ni mkwe tu. Nikaachia. Fitzroy akazitoa noti zote, akazikunja, akazitia mfuko wa shati, akachukua kwatro yake akaondoka bila kunywa chai. Niliketi jikoni nikalia kwa hasira, halafu nikafuta uso nikaanza kusugua masufuria yaliyokwisha kusugulika.

Mpango wao ulikuwa waanzie nyumba za juu, washuke polepole, na kwetu wafike mwisho, giza likiingia, Fitzroy ameshapitia dukani. Lakini mvua ya usiku ilikuwa imekata njia ya juu, udongo umeporomoka hata punda hapiti. Saa nane mchana, jua linawaka, nikasikia kayamba kwenye kona yetu.  Wanaanzia kwetu.

Nikaenda mbio nikafunga mlango, nikatia komeo. Kisha nikachungulia kwenye ufa wa dirisha. Ni wao. Hilario mbele na tumbo lake, na Fitzroy ubavuni mwake, kichwa chini kama mtoto anayerudishwa shule. Mfuko wa shati umevimba. Basi pesa bado ipo! Dukani hajafika!  Nikajiambia: Ermine, mlango huu haufunguki mpaka pesa ile irudi.

"Nani hao?" Mama Agustina akauliza. Nilikuwa nimeshamwingiza ndani kwa ajili ya jua.

"Wapita njia."

"Wapita njia wenye kwatro? Fungua mlango, Ermine."

"Mama, hakuna hata pastela moja ndani."

 Nje Hilario akaanza ule wimbo wa kubisha, wa taratibu, wa kuisalimu nyumba na Bikira na wenye nyumba kwa majina. Ana sauti nzuri Hilario, hilo siwezi kumnyima. Wengine wakaitikia. Fitzroy hakuitikia. Vidole vinakwenda kwenye nyuzi, mdomo umefungwa. Kwa kawaida yeye ndiye wa pili kwa sauti, milima inamjua.

Wakamaliza ubeti wa kwanza, wakangoja. Sikutingishika. Ubeti wa pili, wakangoja. Majirani wakaanza kutoka. Bibi Philomena wa ng'ambo kashika kiuno, watoto wamepanda ua. Wa tatu Hilario akautunga papo hapo, kama desturi ya kuwachokoza wachelewaji: shemeji yetu amelala au amekuwa mkono wa birika, paja analila peke yake chini ya kitanda? Watu wakacheka. Mimi damu ilinichemka mpaka masikioni. Nikasogeza kidirisha kidogo tu.

"Fitzroy," nikasema kwa sauti ya chini. "Pesa. Zipitishe hapa."

Hakuniangalia. "Ermine, fungua. Watu wanatazama."

"Watazame. Pesa kwanza."

"Shemeji, kuna nini?" Hilario akauliza. Sasa hakuwa na utani.

"Muulize mwenzako kuna nini."

"Unaniaibisha," Fitzroy akasema kwa meno. "Mkesha wa Krismasi, mlangoni kwangu mwenyewe, unaniaibisha mbele ya watu."

"Na wewe unamfanya nini mama yako?"

Kwatro ikanyamaza. Kisha gitaa, kisha kayamba. Sijawahi kusikia watu wa parang wakinyamaza mlangoni bila kuambiwa. Fitzroy alitia mkono mfukoni, nikadhani anazitoa. Aliushikilia tu mfuko ule, kama mtu anayeumwa kifua. Nikajua akigeuka sasa anateremka moja kwa moja kwa Achong, na Januari yetu imekwisha.

Wakati huo nikasikia komeo linavutwa.

Mama Agustina alikuwa ameinuka kwenye kiti, amefuata ukuta kwa kiganja, amefika mlangoni nyuma yangu. Nilimdaka mkono, akanipiga kofi la kiganja, siyo kwa nguvu, lakini alilikusudia. "Haaibiki mtu kwa ajili yangu," akasema, akavuta mlango ukafunguka wote.

Jua likamwagika ndani. Akasimama kizingitini kajinyoosha, gauni lake la kanisani, uso juu. Mbele yake, hatua moja tu, alisimama Fitzroy. Hilario alikuwa nyuma ya bega lake.  Wale wanaume wote walikuwa wanangoja mwenye nyumba awakaribishe.

Mama Agustina akanyoosha mkono mbele, akapapasa hewa mara mbili, akaipata mikono ya shati jeupe. Akatabasamu lile tabasamu lake la wageni.

"Hilario," akasema. "Karibu, mwanangu. Mmeimba vizuri."

Nilisikia pumzi ya Bibi Philomena ikivutwa ng'ambo ya njia. Fitzroy aliniangalia mimi, kisha akamwangalia mama yake, machoni kabisa, kwenye mwanga wa mchana, uso kwa uso. Macho yale yalimpita yakaenda mbali huko kwenye migomba. 

Mama akamvuta karibu, akashusha sauti. Alidhani ananong'ona, lakini wote tulimsikia.

"Nishike mkono unirudishe kitini, Hilario. Giza limenijaa, siku hizi hata jua silioni, naona ukungu tu. Usimwambie Fitzroy. Unanisikia? Akijua ataacha Krismasi yake kwa ajili yangu, atakaa nyumbani kama mwizi, watu wamseme. Hana kazi, hana mbele wala nyuma, mwachie hata hiyo kwatro yake. Mimi nimeshaona vya kutosha."

Hilario alivua kofia. Wenzake wakavua mmoja mmoja. Mimi nilitaka kusema, unaona, unaona, nilikuambia! Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni tangu mwezi wa kumi. Nikayameza, kwa sababu uso wa mume wangu ulikuwa umeshaniomba radhi.

Fitzroy akamshika mama yake mkono. Akamgeuza taratibu, akamwongoza mpaka kwenye kiti, akamsaidia kuketi. Hakusema kitu njia nzima. Akapiga goti mbele yake, mkono uliobaki akautia mfukoni, akatoa noti zile zimelowa jasho, akaninyooshea juu bila kunitazama. Nilizichukua nikazitia kifuani. Sikuzihesabu.

"Mbona unatetemeka, Hilario?" Mama Agustina akauliza. "Umekunywa tayari?"

"Ni mimi, Mama," Fitzroy akasema.

Kile kiti kilikuwa kikibembea, kikaacha.  Nilimwona Mama Agustina anatafuta la kusema, lile la kuku, lile la shati limekupendeza, na hakulipata. Watu wa parang walisimama mlangoni kofia mikononi, hakuna aliyeingia, hakuna aliyeondoka.

Mama akainua viganja vyake vyote viwili, akavileta usoni kwa mwanawe. Akampapasa paji la uso, akashuka kwenye macho yaliyokuwa yamelowa, akashuka kwenye mashavu. Hapo mikono ikasimama. Ikarudi tena, ikagusa mifupa ya mashavu upande huu na upande ule, ikagusa shingo.

"Umekonda," akasema. "Fitzroy. Tangu lini umekonda hivi?"