Wapo Wengi Tu

Nosim alipomaliza kukamua jioni, alimimina maziwa kidogo kwenye kisahani cha bati akakiweka nyuma ya mafiga. Nyoka mdogo wa kahawia, mwembamba kama penseli, akatoka ukutani kuyanywa. Alikuwa mumewe, Sironka, aliyefariki mwaka wa ukame. Alikunywa kwa mafunda madogo, kama alivyokuwa akinywa chai.

Wafu wote wa kilima kile kikavu nje ya Moshono walirudi hivyo, wakakaa chini ya mawe, na hakuna aliyewagusa.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara zikafunguliwa. Mitumba iliingia, nyoka wakatoka. Ludovick, mfanyabiashara mwenye kibali cha kuuza wanyama nje, aliwafunga mmoja mmoja ndani ya soksi za mitumba na kuwasafirisha kwa ndege. Kila aliyeondoka, jina lake lilifutika. Jirani yake Nosim, Magreth, alikwama katikati ya sala, jina la mama yake limempotea, na msalaba kaburini ukabaki bila maandishi. Akasema ni uzee, akaendelea kuchambua maharage.

Waliobaki wakahamia kwa Nosim, kwenye maziwa. Walijaa darini, kitandani, hata ndani ya sufuria. Nosim aliogopa sana, lakini si wao. Aliogopa kuamka siku moja hamjui Sironka. Mwenye macho haambiwi tazama, alijisemea, akaenda kumleta Elinami, afisa wa wanyamapori, ajionee.

Elinami akamwamkia, akafunua blanketi.

"Mbona wapo wengi tu, mama. Hawa hawako hatarini."

"Baba, hawa ndio wote. Nenda kafunue mawe huko kilimani, hutamkuta hata mmoja."

"Mimi nasema nilichokiona."

Akasema hivyo na ofisini, na kibali cha Ludovick kikaongezwa muda. Ludovick akaja na gunia la soksi, akavua viatu mlangoni kwa heshima. Alipomaliza chumba kizima, Nosim alikuwa bado amemfumba mmoja kiganjani.

"Huyu ni Sironka," alisema.

"Ndiyo, mama. Na huyo pia." Akafungua soksi ya mtoto.

Ndege ilipita juu jioni, Nosim akikamua. Aliweka maziwa nyuma ya mafiga, akafungua mdomo aite, jina halikuja.

"Unamngoja nani?" Magreth aliuliza mlangoni.

"Simjui," alisema Nosim. "Ila naogopa. Hajawahi kuchelewa hivi."