Mwizi wa Mafuta

"Shemeji anatuibia mafuta," mume wangu alisema, akamfukuza kazi mdogo wangu, dereva wa pikapu yetu ya mikate. Hakuniuliza hata mimi.

Nilipandwa na hasira, nikashika usukani mwenyewe. Nilitia mafuta kiasi kilichokuwa kikitutosha siku nzima, nikapita njia ile ile ya kila siku. Pikapu ilinguruma kama trekta na kupanda kilima kwa kujikokota, na mafuta yakakata kabla sijafika duka la mwisho. Nikashuka, nikayatazama matairi: mapana, yenye meno makubwa, ya kukanyagia matope. Mume wangu aliyafunga majuzi kwa kuiga rafiki zake. Njia yetu yote ni lami.

"Mwizi nimempata," nilimwambia. "Ni hayo matairi yako. Ni mazito, yanang'ang'ania lami, injini inakunywa kama ina kiu ya mwaka."

"Lakini mama watoto, gari limependeza."

"Kwani linaolewa? Nenda ukamwombe radhi mdogo wangu, sasa hivi!"

Alikwenda. Mdogo wangu alimsikiliza mlangoni, wala hakumkaribisha ndani.

"Shemeji," alimwambia, "kayafungue hayo matairi kwanza, ndipo uje tuongee."